Kuamsha mfumo wa maji wa karavani baada ya majira ya baridi: anza na tangi, sikiliza pampu

Karavani ikishalala miezi kadhaa kwenye baridi, mwenyewe huwa na hamu moja tu: achomeke mpira wa maji, afungue koki, aone mabomba yanatoa. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na kiasi cha kikombe kimoja kilichosahaulika kwenye kona ya paipu kinatosha kupasua kiungo cha plastiki. Ufa wenyewe huuoni mpaka maji yenye presha yapite. Na ukiwa umechomeka mpira kwenye chanzo kisichokwisha, maji yataendelea kumwagika chini ya sakafu mpaka mtu agutuke.

Kwa hiyo usianze na mpira wa nje. Anza na tangi la karavani lenyewe, kwa maji machache, lita 20 hivi. Kukiwa na mahali palipopasuka, kitakachomwagika kina mwisho. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba pampu huongea. Mfumo ukiwa mzima, pampu hujaza paipu, hupandisha presha, kisha hunyamaza. Ukiwa na hitilafu, haitanyamaza, au itanyamaza na kugutuka tena, au itanguruma bila kushika maji. Kila sauti ina maana yake, na ukizijua utapata kosa kwa nusu saa badala ya kubomoa makabati siku nzima.

Maji yanapita wapi

Kabla ya kushika spana, iweke njia hii kichwani. Maji hutoka kwenye tangi, hupita kwenye chujio dogo lenye kikombe kinachoonyesha ndani, huingia kwenye pampu ya volti 12, kisha huingia kwenye paipu za maji baridi. Mahali fulani paipu hiyo hugawanyika: tawi moja huenda moja kwa moja kwenye mabomba, lingine hupitia hita na kutoka kama maji ya moto. Mpira wa nje huingilia baada ya pampu, kwa mlango wake wenye valvu ya njia moja inayozuia maji yasirudi nje. Pampu nayo ina valvu yake ya njia moja, inayozuia maji ya nje yasisukumwe kurudi kwenye tangi. Zikumbuke valvu hizi mbili, tutazirudia.

Hatua ya 1: Kabla ya tone lolote kuingia

Subiri mpaka usiku wenyewe uwe umeacha kugandisha. Kisha zunguka karavani ukiwa na tochi, ufunge kila ulichofungua ulipokuwa unaiandaa kulala: koki za kumwagia maji zilizo chini kabisa ya paipu (mara nyingi ni mbili, moja ya baridi na moja ya moto), koki ya kumwagia tangi, mabomba yote ya ndani, na bafu la nje. Bafu la nje husahaulika kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu limefichwa nyuma ya kijilango chake ubavuni.

Rudisha kizibo cha hita, au anodi yake (fimbo ya kulinda tangi dhidi ya kutu), lakini usiwashe hita, si kwa gesi wala kwa umeme. Elementi ya umeme ikiwaka ndani ya tangi kavu huungua kwa muda mfupi sana, na hakuna tiba yake zaidi ya kununua nyingine. Zima kabisa swichi yake ya umeme. Mimi hubandika kipande cha karatasi juu yake mpaka kazi iishe, maana mtu mwingine wa familia anaweza kuiwasha bila kujua.

Koki za mchepuko wa hita ziache kwanza katika hali ya kipindi cha baridi, yaani maji yaikwepe hita. Wengi huzigeuza mapema. Ukiziacha, jaribio la kwanza litakuwa la paipu na mabomba peke yake, na hita utaipima baadaye kwa zamu yake.

Kama mwaka jana ulivuta antifrizi (kimiminika cha kuzuia kuganda) kwa pampu kutoka kwenye chupa, kuna koki ndogo karibu na pampu iliyochagua chupa badala ya tangi. Igeuze irudi kwenye tangi. Toa pia kichujio cha maji ya kunywa kama kipo. Kipya kitaingia mwisho kabisa.

Halafu pima betri. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6 au 12.7. Ikisoma chini ya 12, ichaji kwanza. Pampu inayopata umeme dhaifu huiga dalili za pampu mbovu, na wengi wametupa pampu nzima kwa sababu hiyo.

Hatua ya 2: Maji ya kwanza

Mimina zile lita 20 kwenye tangi. Fungua bomba la baridi lililo karibu zaidi na pampu, washa pampu, usubiri. Bomba litakohoa hewa, kisha litatema maji ya waridi yenye povu, kisha maji meupe. Likitulia lifunge, nenda linalofuata. Maliza ya baridi yote, ndipo uende upande wa moto. Usisahau choo, na lile bafu la nje.

Rangi ya waridi ni antifrizi ya mifumo ya maji, ambayo kwa kawaida ni propileni glikoli, na mabaki yake kidogo hayana sumu kubwa. Antifrizi ya injini ni habari nyingine. Iliyo nyingi hutengenezwa kwa ethileni glikoli, na hiyo ni sumu inayoua watu na wanyama. Ukigundua kwamba mtu aliitia hiyo kwenye paipu za maji ya kunywa, simamisha kazi. Usinywe, usipikie, na usiamini kwamba kusuuza mara mbili kunatosha. Mwite fundi anayejua mifumo hii.

Pia, kama yeyote alipitisha antifrizi bila kuikwepa hita, tangi la hita limejaa waridi. Limwage lote kupitia kizibo chake kabla ya kuendelea, la sivyo utaona povu kwenye maji ya moto kwa wiki nzima.

Hatua ya 3: Kaa kimya usikilize

Funga kila bomba. Pampu iendelee sekunde chache, kisha ijizime yenyewe presha ikifika kiwango chake. Pampu nyingi hujizima kati ya psi 45 na 55, yaani zaidi kidogo ya bar 3. Sasa zima redio, keti karibu na pampu, subiri nusu saa. Pampu isiposema chochote kwa muda huo, paipu zako zimevuka majira ya baridi salama. Ikisema, soma hapa chini.

Pampu haitoi sauti yoyote. Hili ni la umeme. Angalia fyuzi, kisha swichi, kisha waya unaoingia kwenye pampu. Gusisha mita kwenye nyaya mbili za pampu swichi ikiwa imewashwa. Ukipata volti 12 na pampu imelala, kosa limo ndani ya pampu, mara nyingi kwenye swichi yake ya presha. Usipopata kitu, rudi nyuma kuelekea kwenye fyuzi. Tazama pia miguso yenye kutu ya kijani. Unyevu wa miezi hupenda nyaya za pampu kwa sababu ziko chini, gizani.

Pampu inanguruma lakini maji hayaji. Hii ndiyo inayopotosha watu zaidi, nami ilinipotosha. Mwaka mmoja pampu yangu ilizunguka dakika kumi, bomba likatoa pumzi tu. Nikaamua diaframu, ule utando wa mpira ndani ya pampu, imekauka. Nikanunua mpya, nikaifunga nikiwa nimelala kwa ubavu chini ya kitanda, nikawasha: pumzi ileile. Nikabadilisha hata swichi. Siku ya pili nikachomoa kile kikombe cha chujio nikakigeuza mbele ya tochi, na mwanga ukakatika mahali pamoja. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kuanzia kwenye mdomo wa kikombe hadi katikati. Chini yake palikuwa pakavu kabisa. Hakukuwa na tone hata moja la kuniambia.

Sababu ni kwamba kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu maji hayasukumwi, yanavutwa. Upande huo ukipasuka hauvujishi maji nje, unavuta hewa ndani. Kwa hiyo usitafute unyevu, tafuta mwanya. Kagua kikombe cha chujio, pete yake ya mpira, vibano vya mpira unaotoka kwenye tangi, na ile koki ya chupa ya antifrizi: ikiwa imegeuzwa nusu tu, pampu itavuta hewa kupitia kwayo siku nzima.

Kuna jaribio moja linalomaliza ubishi. Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, funga kipande kifupi cha mpira mzima mahali pake, tumbukiza ncha ya pili kwenye ndoo ya maji, washa. Pampu ikivuta kutoka kwenye ndoo, ni nzima, na kosa liko kati yake na tangi. Isipovuta, ndipo uanze kuifikiria diaframu au valvu zake. Jaribio hili huchukua dakika tano, na lingeniokolea gharama zote zile.

Pampu haizimi ingawa mabomba yote yamefungwa na mwanzoni maji yalitoka vizuri. Ama tangi limekwisha maji (angalia kabla ya kucheka), ama kuna mahali panapomwaga kwa wingi, ama swichi ya presha imekwama. Izime haraka, ukague sakafu.

Pampu inanyamaza, kisha kila dakika chache inatoa mlio mfupi, “trr”, na kunyamaza tena. Presha inapotea polepole. Ama kuna uvujaji mdogo, ama valvu ya njia moja ya pampu haifungi sawasawa na maji yanarudi kwenye tangi. Tafuta uvujaji kwanza.

Hatua ya 4: Kuwinda uvujaji mdogo

Chukua karatasi laini ya chooni iliyo kavu. Vidole hudanganywa na paipu baridi, unaweza kudhani ni maji kumbe ni ubaridi tu, karatasi haidanganywi. Pitisha kipande kipya chini ya kila kiungo, ukitazama kama kinageuka rangi.

Usipoteze muda mwingi kwenye paipu zilizonyooka. Paipu za PEX (plastiki inayonyumbulika) zinazotumika kwenye karavani nyingi huweza kutanuka kidogo maji yanapoganda, na aghalabu hupona. Vinavyopasuka ni vile visivyojikunja: viungo vya plastiki, vitako vya mabomba, valvu. Kwa uzoefu wangu anza na valvu ya choo. Iko nyuma ya choo, karibu na sakafu, imejaa kona za plastiki ambamo maji hubaki hata ukisukuma hewa kwenye mfumo. Ikipasuka, hutoa tone moja moja linalotambaa chini ya vinyli ya sakafu, na wewe huoni mpaka sakafu ilainike. Baada ya choo, nenda kwenye bafu la nje, kisha mlango wa mpira wa nje kwa upande wake wa ndani, kisha chini ya sinki, kisha viungo vya nyuma ya hita.

Kiungo kinachovuja kwa sababu kimelegea, kaza kwa mkono kisha robo mzunguko tu. Viungo vya plastiki vyenye mpira ndani havitaki nguvu, na ukivikaza kwa hasira unatengeneza ufa ambao baridi haikuutengeneza. Tredi tepu, ule utepe mwembamba wa kuzibia hesi, ni ya hesi zinazozibana zenyewe, kama zile za anodi ya hita. Kwenye kiungo chenye mpira wake haisaidii kitu.

Kama karatasi zote zimetoka kavu na pampu bado inasema “trr”, basi ni ile valvu ya pampu. Uthibitisho utaupata hatua inayofuata: ukiunganisha mpira wa nje na tangi la maji safi likaanza kujaa lenyewe, valvu hiyo haifungi. Mara nyingine ni chembe ya uchafu tu imeishikilia; fungua kichwa cha pampu uisafishe kabla ya kununua nyingine.

Hatua ya 5: Sasa mpira wa nje

Acha maji yatiririke nje ya mpira nusu dakika ili yatoe uchafu na wadudu waliolala humo. Funga kipunguza presha kwenye bomba la chanzo, si kwenye karavani, ili na mpira wenyewe ulindwe. Kiwango cha psi 40 hadi 50 kinatosha. Zima pampu. Fungua bomba moja la ndani kwanza, ndipo ufungue chanzo polepole, hewa ipate pa kutokea.

Sasa una vyanzo viwili vya maji, na kuvilinganisha hufichua mengi. Maji yakija kwa nguvu ukitumia pampu na kwa unyonge ukitumia mpira wa nje, kosa liko kwenye njia ya mpira: wavu mdogo ndani ya mlango umeziba, kipunguza presha kimechoka, au valvu ya njia moja ya mlango imenata. Yakiwa manyonge kwa vyote viwili, lakini kwenye bomba moja tu, fungua kichungi cha mdomoni mwa bomba hilo. Utakuta mchanga mweupe wa chokaa na pengine vipande vidogo vya plastiki. Vioshe, ila vitazame vizuri kabla ya kutupa. Plastiki hiyo imetoka mahali.

Hatua ya 6: Hita

Chanzo kikiwa kimefungwa na presha imetolewa, fungua kizibo cha hita usuuze mashapo yaliyotulia chini. Kama tangi la hita ni la chuma chenye enameli, ndani kuna anodi, fimbo inayoliwa na kutu badala ya tangi. Ikiliwa zaidi ya robo tatu, badilisha. Matangi ya alumini kwa kawaida hayana anodi, yana kizibo tu.

Sasa geuza koki za mchepuko. Kama ni tatu, mbili za kuingia na kutoka hitani hufunguliwa, ile ya katikati hufungwa. Fungua bomba la moto, usubiri. Hita ya kawaida hubeba lita 23 au 38, kwa hiyo bomba litapumua hewa kwa muda kabla ya kutoa maji. Likitoa mfululizo bila kukohoa, hita imejaa. Hapo tu ndipo uondoe karatasi yako kwenye swichi.

Maji ya moto yakitoka vuguvugu, karibu kila mara kuna mahali baridi na moto vinakutana. Kwanza ni koki ya katikati ya mchepuko iliyobaki wazi kidogo. La pili ni bafu la nje tena: watu huzima maji kwa kitufe cha kwenye kichwa cha bafu huku vishikio vyote viwili, cha moto na cha baridi, vikiwa wazi. Maji hayatoki, lakini ndani yanachanganyikana na kufika jikoni yakiwa vuguvugu.

Valvu ya usalama ya hita ikidondosha matone wakati maji yanapata moto, usikimbilie kuibadilisha. Juu ya maji ndani ya hita kunatakiwa kuwe na nafasi ya hewa ya kupokea upanukaji, na nafasi hiyo hupotea. Zima hita, iache ipoe kabisa, funga chanzo na pampu, fungua bomba la moto, kisha inua mkono wa valvu mpaka maji yaache kutoka. Achia, funga bomba, rudisha maji. Ikiendelea baada ya hapo, badilisha. Kamwe usiizibe.

Hatua ya 7: Kuua vijidudu

Fanya hili baada ya uvujaji wote kwisha, si kabla. Tumia klorini ya maji ya kufulia isiyo na manukato wala sabuni. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 5, mililita 1 kwa kila lita ya maji hukupa miligramu 50 kwa lita. Tangi la lita 150 linataka mililita 150. Ichanganye kwanza kwenye ndoo ya maji, ndipo uimimine tangini, kisha ujaze. Usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia. Hutoa gesi yenye sumu.

Washa pampu, fungua kila bomba, baridi na moto, mpaka usikie harufu ya klorini. Iache humo kwa muda wa saa 12. Kama huna muda huo, ongeza kipimo mara mbili, saa 4 zinatosha. Soma kwanza kijitabu cha hita uone mtengenezaji anasema nini kuhusu klorini. Kisha mwaga vyote, jaza maji safi, suuza, rudia mpaka harufu iishe. Hii pia huondoa ile harufu ya yai bovu kwenye maji ya moto, inayotokana na bakteria wanaoishi ndani ya hita. Sasa weka kichujio kipya.

Choo kikishindwa kushika maji kwenye bakuli, mpira wake umekauka tu. Usafishe, upake grisi ya silikoni, na uache maji juu yake usiku mmoja.

Kwa safari mbili za kwanza, funga chanzo cha nje kila unapoondoka na kila unapolala, na asubuhi pitisha kiganja kwenye sakafu kuzunguka choo kabla hujavaa viatu. Kiungo kilichopasuka nusu huweza kushikilia siku ya kwanza karavani ikiwa imesimama, kikaachia ikishatikiswa barabarani.